Baiskeli Isiyokuwemo Majivuni

Inspekta waliyemwita Kiguu hakuwahi kukalia kiti mpaka kikapata joto. Jina kamili lilikuwa Kiguu na Njia, wenzake kituoni wakalikata kwa uvivu tu, naye hakuwanunia, maana hawakumsingizia. Asubuhi ile alikuwa wima tangu saa mbili, kikombe cha chai mkononi, anasoma jalada la moto huku akiipima ofisi kwa hatua, sita kwenda na sita kurudi, mpaka karani akamwomba kwa adabu akatembelee koridoni.

Jalada lilikuwa jembamba na baya. Jumanne, saa nane mchana, chumba cha fundi cherehani kwenye safu ya vyumba vya biashara nyuma ya soko kiliungua. Mwenyewe alikuwa ametoka kupeleka nguo kwa mteja. Chumba cha pili alikuwamo fundi saa, mzee wa miaka sabini, ambaye alikataa katakata kutoka kabla hajakusanya saa za watu, na sasa alikuwa amelazwa hospitali, anapumua kwa mashine. Mwenye nyumba alieleza kwamba mama huyo wa cherehani alikuwa na notisi ya kuhama. Majirani wawili wakaongeza kwamba walimsikia kwa masikio yao akimjibu mwenye nyumba mlangoni kuwa, kuliko kumwachia chumba alichokipaka rangi kwa mkono wake, afadhali kiungue.

Watu husema maneno kama hayo kila siku ya Mungu na nyumba zao zinabaki zimesimama. Cha kwake kiliungua, hapo ndipo pabaya. Mkuu wa kituo alikuwa ameshaandika kwa penseli juu ya jalada: moto wa makusudi. Saa kumi alasiri jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, na likishatoka tu mama angelala mahabusu, na huko kutoka si kama kuingia. Kiguu alimwomba Mkuu walau siku mbili. Mkuu akamwonyesha saa ya ukutani kwa kidevu, akarudi kwenye simu yake.

Mama mwenyewe alikuwa kwenye benchi la mapokezi, mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, sindano bado imechomekwa kwenye kola ya blauzi. Vidole vyake havikutulia. Vilikuwa vinachomoa nyuzi za sketi mmoja mmoja na kuzipanga juu ya goti. Tangu Jumanne alikuwa na kauli moja tu, kwamba moto ulitoka kwenye baiskeli yake ya umeme iliyokuwa inachaji kwenye kona. Aliiwekea oda kwa kampuni moja ndogo miezi kumi na minne iliyopita, akasubiri, akasubiri mpaka akawa kichekesho kwa wateja wake, na hatimaye ikaja.

Kiguu alimuuliza baiskeli iko wapi sasa.

"Imeungua, afande."

"Mama yangu, chuma hakiungui kikaisha. Zimamoto wamechambua chumba chote. Hawakukuta hata spoku moja."

Mama akatazama nyuzi zake. Mtu aliyekaa miaka mingi kwenye kazi ile alijua kimya cha mtu anayetafuta maneno na kimya cha mtu anayeyaficha, na hiki kilikuwa cha pili. Kiguu aliumia kidogo, kwa sababu alikuwa amemwonea huruma tangu alipomwona na sindano yake.

"Kwa hiyo unasema sikuwa nayo," mama akasema mwishowe. "Siti yake niliishonea koti, afande. Kitambaa cha bluu, uzi wa kijani, mshono wa kurudia mara mbili. Nani atakaa ashonee koti baiskeli asiyokuwa nayo?"

Swali lilikuwa zuri. Kiguu aliondoka nalo.

*

Chumbani kulinuka plastiki na pamba iliyolowa. Ofisa wa zimamoto, kijeba mmoja mwenye sauti ya kwaya, alikuwa ameshamaliza kazi yake na alikuwa amekuja kwa heshima tu. Alimwonyesha pasi kwanza, maana kwa fundi cherehani wote huanzia kwenye pasi. Ilikuwa juu ya kibao chake, waya umezungushwa, plagi imechomolewa. Basi si pasi. Kisha akamwonyesha kona ya nyuma, chini ya rafu ya vitambaa, ambako ukuta uliungua mpaka ukapasuka. Moto ulianzia hapo, alisema, ukala vitambaa kabla ya kitu kingine chochote. Mtu akitaka kuchoma duka la nguo hawezi kupata mahali pazuri zaidi.

Vyuma alivyookota alikuwa amevitia kwenye ndoo: mkasi, zipu, vifungo, vipande vya cherehani, na bobini, vile vigurudumu vidogo vya kuzungushia uzi wa chini. Kiguu alichuchumaa, akaimwaga ndoo yote sakafuni. Ofisa alianza kulalamika kwamba ameshaorodhesha, kisha akanyamaza, akawa anatazama.

Kiguu alikuwa anatenga mafungu mawili. Bobini zilikuwa fupi na pana, zina matundu, mtu ukiishika unaiona ni ya cherehani. Lakini ofisa aliandika bobini hamsini na mbili, na hapo kwenye lile fungu la kwanza zilikuwa kumi na mbili tu. Zilizobaki zilikuwa vibomba vya chuma, virefu kama kidole cha shahada, vinene kama kidole gumba, vingine vimepasuka kwenye kichwa kama mahindi ya kukaanga.

"Hizi ulizikuta wapi?"

"Pale pale konani. Zote rundo moja. Nikasema mama wa watu alikuwa na bobini nyingi."

"Zihesabu."

Alizihesabu. Arobaini kamili. Ofisa aligeuza kimoja mkononi, akakipima uzito, na uso ukaanza kumbadilika, maana hakuwa mjinga, ila alikuwa ameingia chumba cha fundi cherehani akaona vitu vya fundi cherehani. Alikwisha wahi kuona vibomba kama hivyo ndani ya betri kubwa, akasema taratibu, betri za kuendeshea vitu. Moja ikichemka inaichemsha ya pili, na hapo maji hayasaidii sana.

Basi betri ilikuwamo. Baiskeli haikuwamo. Kiguu alisimama katikati ya majivu, akazunguka chumba mara tatu bila kugusa kitu, akatoka bila kuaga.

*

Karakana ya kampuni ilikuwa ghala lililogawanywa kwa mbao, upande mmoja ofisi na upande mwingine kazi. Mwenye kampuni alimpokea mlangoni. Wateja walimwita Bwana Ijumaa kwa sababu kila Ijumaa, iwe mvua liwe jua, aliwaandikia barua wote waliokuwa wanasubiri, na Kiguu alikuwa amezisoma kadhaa kwenye simu ya fundi cherehani. Zilikuwa barua tamu. Uma wa mbele umekwama bandarini, poleni sana, lakini rangi imependeza, tazameni picha. Rangi imelazimika kurudiwa, poleni sana, lakini uma umefika. Kila barua ilimalizia kwamba sasa imebaki hatua moja tu. Hatua hiyo moja ilikuwa imebaki kwa mwaka na miezi miwili.

Alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, mikono haikai, akasogeza kiti, akafuta kiti, akauliza kama afande anatumia chai ya maziwa. Kiguu alibaki wima. Akaomba orodha ya oda na daftari la hati za makabidhiano. Bwana Ijumaa akavitoa bila wasiwasi, na hilo nalo Kiguu aliliweka akilini.

Orodha ilikuwa na watu thelathini na mmoja. Fundi cherehani alikuwa namba tisa, na mbele ya jina lake, kama mbele ya majina yote, paliandikwa: anasubiri. Daftari la hati lilikuwa jipya. Hakuna ukurasa uliochanwa wala uliosainiwa.

"Namba tisa hajapata baiskeli," Bwana Ijumaa alisema. "Namsikitikia, kweli nasikitika, lakini hajapata. Mtu akisubiri sana, afande, anaanza kuiona."

Kiguu aliingia upande wa kazi. Fremu sita zilining'inia ukutani bila magurudumu. Pembeni palikuwa na maboksi ya karatasi, moja limefunguliwa juu: karatasi za maelekezo, zimechapwa vizuri, rundo ambalo halijapungua. Alichukua moja, akaikunja, akaitia mfukoni. Sakafuni, kuanzia stendi ya katikati mpaka mlango wa nyuma, palikuwa na alama za tairi, za zamani zimefunikwa na mpya, kitu kilichokwenda na kurudi mara nyingi. Kwa kampuni isiyowahi kutoa baiskeli hata moja, mlango ule ulikuwa na kazi sana.

Mekanika wa karakana, mwanamke mnene mwenye ovaroli, alikuwa anafuta spana ambayo haikuwa na uchafu. Kiguu alimuuliza alama zile ni za nini. Akajibu kwamba yeye anakaza nati tu, mambo mengine yana wenyewe, akamtupia bosi wake jicho la haraka, kisha akarudi kwenye spana.

Bwana Ijumaa alifafanua kwamba ni baiskeli ya majaribio, huzungushwa uani.

"Naomba niione."

"Leo haipo. Iko kwenye majaribio ya barabarani."

Kiguu alishukuru, akaomba nakala ya orodha pamoja na namba za simu. Kwa mara ya kwanza mikono ya Bwana Ijumaa ikatulia.

*

Alipiga simu amesimama kando ya gari, jua la saa sita likimchoma utosi. Namba moja hakupokea. Namba mbili alikuwa mwalimu, akafurahi kupita kiasi. Baiskeli yake nzuri sana, jamani, alikaa nayo wiki nzima, ila waliichukua kurekebisha breki. Kiguu akamuuliza kwa nini basi bado ameandikwa kuwa anasubiri, mwalimu akasema labda hawajapata muda wa kuandika, si unajua kampuni ndogo.

Namba tatu naye ilishamfikia. Nyekundu iliyokolea. Alikuwa ameifungia kengele yake mwenyewe ya shaba. Waliichukua kurekebisha breki.

Namba tano yake ilikuja na kengele ya shaba, akadhani ni zawadi ya uvumilivu. Akaiongezea kikapu cha mbele. Breki. Namba sita aliipata na kengele na kikapu, akaisifu kampuni kwa ukarimu. Breki. Namba nane alianza kueleza juu ya kikapu, Kiguu akammalizia mwenyewe mpaka kwenye breki, na yule bwana akauliza kwa wasiwasi kama afande naye ameweka oda.

Kiguu alishusha simu. Kwa mara ya kwanza siku ile alisimama tuli kabisa. Baiskeli ilikuwa moja. Ilikuwa inatembezwa nyumba hadi nyumba, wiki kwa kila mmoja, kila mtu anaionja, anaipenda, anaipamba, kisha inarudishwa kwa ajili ya breki ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Nane walishaonja. Wa tisa alishona koti la siti.

Akatazama namba kumi, akaingia garini, akaondoka kabla hajafunga mkanda.

*

Namba kumi alikuwa mpima ardhi mstaafu, mjane, anayekaa peke yake kwenye nyumba safi ya vyumba viwili. Na uani, chini ya kivuli cha paa, ilisimama: nyekundu iliyokolea, kengele ya shaba, kikapu cha mbele, na siti imevaa koti la kitambaa cha bluu. Kiguu alipiga goti moja. Uzi wa kijani, mshono wa kurudia mara mbili, na kwenye ukingo fundo dogo lililofichwa kwa ustadi. Alijikuta anatabasamu kwa uchungu. Mama wa watu alikuwa amesema kweli nusu nzima.

Mzee alisimama nyuma yake akieleza kwa fahari kwamba ilifika Jumapili, na kwamba kampuni imeweka mpaka koti la siti, watu wanaojali kazi yao. Tangu magoti yamgomee alikuwa hajafika makaburini kwa mkewe, na jana alikwenda na kurudi bila kupumzika.

Kiguu aliona kwamba mahali pa betri palikuwa wazi. Akauliza iko wapi.

"Ndani. Naichaji chumbani. Wezi, mwanangu."

Alipita bila kusubiri kukaribishwa. Chumbani betri ilikuwa juu ya godoro, imefunikwa blanketi vizuri, waya unatokea chini ya mto. Kiguu alichomoa plagi ukutani kwanza, ndipo akafunua blanketi na kuweka kiganja. Ilikuwa ya moto kuliko mtu mwenye homa. Akaikamata kwa blanketi lile lile, akaibeba mikono mbele, akaenda kuiweka katikati ya uwanja, mbali na kila kitu.

Mzee alikuwa ameduwaa. Kiguu akamuuliza kama alipewa karatasi yoyote ya maelekezo.

"Hapana. Kijana aliyeileta alisema nisihangaike, karatasi zote zitakuja baadaye kwa pamoja." Kisha sauti ikamshuka. "Unaichukua?"

Kiguu akasema ndiyo, anaichukua.

"Ni kwa ajili ya zile breki? Yule kijana alizigusia."

Kiguu alimsaidia kukaa kwenye kibaraza, akampa pole, na mzee akaendelea kuitazama baiskeli mpaka gari lililoitwa kuibeba lilipofika.

*

Saa tisa kasoro robo alirudi karakana. Safari hii hakusimama mlangoni. Alitandika ile karatasi ya maelekezo mezani mbele ya Bwana Ijumaa na kumwomba asome mstari wa nne kwa sauti. Bwana Ijumaa akakohoa. Akasoma.

"Usichaji betri ikiwa imefunikwa au ikiwa karibu na kitambaa."

"Karatasi hii hutolewa lini?"

"Siku ya makabidhiano. Pamoja na hati."

"Na hati haiandikwi kwa sababu gani?"

Nyuma ya mbao spana iliwekwa chini.

"Mwambie," mekanika akasema kutoka huko. "Au nitamwambia mimi. Nimechoka na Shangazi."

Shangazi ndilo jina alilokuwa ameipa baiskeli ile, kwa kuwa ilikuwa haina kwake, inakaa wiki kwa huyu na wiki kwa yule. Akatoka akasimama kando ya meza, akaeleza yote kwa dakika tatu, kama mtu anayetua mzigo. Baiskeli moja tu ilikuwa imekamilika. Betri zilikuwa mbili. Hati isingeandikwa, kwa sababu baiskeli moja haiwezi kukabidhiwa watu kumi, na bila hati karatasi ya maelekezo haitoki. Mara mbili alikuwa amemwambia bosi watu wapewe ile karatasi angalau peke yake. Bosi alijibu kwamba mtu akipewa karatasi atajua amekabidhiwa, na akijua amekabidhiwa hatakubali kurudisha.

Bwana Ijumaa hakubisha. Alikuwa amejikunyata kitini, ule uchangamfu wote umemwisha.

"Sikuwaibia," alisema. "Baiskeli zao zinakuja, naapa. Lakini afande, mtu ataweza kusubiri kitu alichokigusa. Asichokigusa anakuja kukugongea mlango. Kila nilipowapa wiki moja, walinipa miezi mitatu ya amani. Niliwaambia wiki sita siku ya kwanza. Laiti ningesema miaka miwili."

"Wasingeweka oda."

"Ndiyo. Wasingeweka."

Kiguu alisogea dirishani, akarudi. Lilibaki jambo moja, na lilikuwa linamkera tangu kwenye majivu. Baiskeli ilitoka kwa fundi cherehani Jumamosi na ikawa kwa mzee Jumapili. Kwa nini betri ilibaki nyuma mpaka Jumanne?

Bwana Ijumaa akainua mikono. Walipokwenda kuichukua mama aliwaambia betri iko kwa kaka yake, kaka yuko safarini, waje wiki ijayo. Wakaondoka na baiskeli bila betri, wakampelekea mzee ile nyingine. Hakuweza kumshtaki mama kwa betri ya baiskeli ambayo daftarini hajapewa.

Hapo Kiguu alielewa kimya cha asubuhi. Aliwaambia wote wawili wafunge ofisi na kumfuata kituoni, na kabla ya kutoka akamlazimisha Bwana Ijumaa kuwaandikia wateja wote barua, ingawa ilikuwa Alhamisi, kuwaeleza bila sukari kwamba baiskeli ilikuwa moja, na yeyote aliyebaki na kifaa chochote chao asikichaji.

*

Saa kumi kasoro dakika ishirini mama alikuwa bado kwenye benchi lile lile. Nyuzi juu ya goti zilikuwa zimekuwa fungu. Kiguu, ambaye hakai, alikaa kando yake, akamwekea mkononi kibomba kimoja kilichopasuka.

"Huna kaka, mama. Nimeuliza."

Mama alikishika kwa ncha za vidole. Machozi yalitangulia maneno.

"Walisema breki," alisema. "Zilikuwa nzuri breki zake. Nikajua wakiondoka nayo sitaiona tena. Miezi kumi na minne, afande. Nikasema, bila betri itawabidi wairudishe. Nikaificha katikati ya vitambaa, nikaichomeka isije ikafa. Ningesema betri ilikuwamo, mngeniambia nimeiba. Nao wangenifuta kwenye orodha."

"Kwa hiyo ukaona heri ushtakiwe kuchoma nyumba."

"Sikuona kitu chochote. Niliogopa."

Kiguu alikasirika, na hakuficha. Alimwambia kwamba kwa uoga huo saa chache zilizopita mzee mmoja alikuwa amebaki dakika chache alale kitandani na betri ya pili, na kwamba kama angesema kweli Jumanne, ingetolewa Jumanne. Mama alisikiliza bila kujitetea. Kisha akauliza habari za fundi saa, kwa sauti ndogo sana. Kiguu alikuwa ameshapiga simu hospitali. Mashine walikuwa wameiondoa adhuhuri, anapumua mwenyewe, na neno lake la kwanza lilikuwa kuulizia saa za watu. Mama alijifunika uso kwa mikono, akalia kwa kwikwi mpaka karani akageukia ukutani.

Mkuu alisoma maelezo mapya amesimama, akasoma ya mekanika, akakitazama kile kibomba kwa muda mrefu. Akachukua kifutio, akafuta neno makusudi, akapuliza vumbi la kifutio kutoka kwenye jalada. Mama angeulizwa maswali mengine, na Bwana Ijumaa angeulizwa mengi zaidi, lakini leo mama angekwenda kulala kwa dada yake kwa dhamana. Kiguu alimpelekea fomu mwenyewe.

Mama alisaini. Akachomoa sindano kwenye kola, akaitazama kama aliyeisahau, akairudisha. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposimama.

"Afande, samahani. Kwenye ile orodha yao, bado mimi ni wa tisa?"

Kiguu akatoa nakala mfukoni, akaikunjua, akaisoma kana kwamba hajui kilichoandikwa.

"Bado," alisema. "Mbele yako wako wanane."

Mama akaitikia kwa kichwa, akatoka nje polepole, akihesabu kwa vidole.